Mwacheni Kijana na WRX Yake Mpya

Jumamosi iliyopita nilikuwa Free Area, Nakuru, pale tunapooshea magari, nimekaa kwenye benchi nikingoja langu lipanguswe. Akaingia kijana na Subaru WRX S4 mpya, lile umbo lililotoka Japani mwishoni mwa 2021, rangi ya buluu inayong'aa hata kabla ya kuoshwa. Alikuwa akitabasamu peke yake. Nilimwelewa. Siku nilipoleta langu mara ya kwanza nilipita Kenyatta Avenue mara tatu bila shughuli yoyote.

Dakika tano hazikwisha. Mmoja wa wenzangu wa Subaru pale kwenye benchi aliinama akagonga ile plastiki nyeusi iliyozunguka madigadi, ko ko ko, kwa kifundo cha kidole. Akasema, "Hii ni ndoo." Wakaangua kicheko. Mwingine akamwambia awashe injini, na ilipowaka akauliza, "Imewaka kweli?" Kicheko tena. Wa tatu akachungulia dirishani, akaona hakuna klachi, akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari za msiba. Kijana akalipa, akaondoka gari likiwa bado linachuruzika maji.

Kisha wakanigeukia mimi. "Dada, si ungemwambia? Wewe si uko na yenyewe?"

Yenyewe ni Impreza WRX ya 2006, macho ya mwewe, gia ya mkono, na nimekuwa nayo miaka tisa. Nilinyamaza. Kunyamaza huko kumeniuma wiki nzima, kwa hiyo nasema leo nilichopaswa kusema pale: gari la yule kijana ni bora kuliko langu. Ni bora pia kuliko lile lililolitangulia. Na sisi tuliolicheka hatukuwa tumeliendesha hata hatua moja.

Nianze na plastiki, kwa kuwa ndiyo iliyogongwa. Subaru wanasema vishimo vilivyomo kwenye plastiki ile, na nafasi zilizoachwa nyuma ya magurudumu, vinasaidia hewa kupita ubavuni vizuri. Mimi sina chombo cha kupima upepo, lakini nina digadi la mbele kushoto. Juu ya gurudumu kuna alama kumi na moja za mawe, nimezihesabu, na tatu kati yake zimeshaanza kutu. Ni mawe ya barabara za shamba kule Mau Narok. Nimepiga rangi mara mbili na mara zote mbili haikulingana. Jua la saa tisa likipiga unaona kiraka. Plastiki ingeyapokea mawe yale na kunyamaza. Kwamba haipendezi macho, sawa, nakubali, wangeipaka rangi ya gari ingekaa vizuri zaidi. Lakini mtu wa Nakuru kuicheka ngao ya mawe ni jambo ambalo sielewi.

Halafu kuna hili la sura. Mjomba wangu alikuwa na Impreza ya umbo la kwanza, lile lililoanza 1992. Kwake gari hilo lilikuwa kama dini, na alikuwa na sababu: Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1994 akiwa wa nne kwa Impreza, Kenneth Eriksson akawa wa pili 1996, Colin McRae akaishinda 1997. Mwaka huo wa 1996 baba alinipandisha mabegani kando ya barabara ya vumbi, nikaona buluu ya Subaru na 555 za njano za mdhamini wake zikipita, kisha sikuona kitu kingine kwa muda mrefu kwa sababu ya vumbi. Hiyo ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo.

Basi, Agosti 2000 umbo la pili likatoka na taa za mviringo. Mjomba alisema lina uso wa chura. Alisema ni zito, alisema Subaru imekwisha. Mwaka uliofuata Richard Burns akawa bingwa wa dunia wa mbio za rally akiwa na uso huohuo wa chura, na mwaka 2003 Petter Solberg naye akatwaa ubingwa, uso ukiwa umebadilishwa kidogo. Leo ukipata lile la macho ya mviringo ambalo halijaguswaguswa, mwenyewe atakutajia bei ukae chini kwanza. Lilipokuja lile la mgongo uliokatwa mwaka 2007 waliliita gari la kubebea mboga. Wawili kati ya waliocheka Jumamosi wanaendesha hilo la mboga.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni habari ya sauti, na hapa naomba mnisikilize hadi mwisho.

Ule mngurumo tunaoupenda, ule wa kudundadunda unaotufanya tugeuke hata tukiwa kwenye maombi, hautoki kwenye nguvu. Unatoka kwenye mabomba ambayo hayalingani. Wiki hii nilimwomba fundi wangu kule Shabab anionyeshe kwa macho. Aliliinua gari, akalala chini, akaninyooshea taa, akapitisha kidole. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini, iko juu, upande wa kulia. Moshi wa silinda za kulia unafika haraka. Ule wa silinda za kushoto lazima uvuke chini ya injini, uende ng'ambo, ndipo upande. Kidole chake kilienda, kikaenda, kikazunguka kona, kikaenda tena. "Huu umetembea sana, mama," akasema. Moshi unafika kwa turbo bila mpangilio, mmoja mapema, mwingine umechelewa, na mvurugano huo ndio tunaouita sauti ya Subaru.

Kwenye WRX mpya, injini ya lita 2.4, turbo imeshushwa chini kwa mbele na mabomba yamelinganishwa. Moshi unafika kwa zamu. Turbo inaamka mapema. Kelele imepungua kwa sababu kazi imeenda sawa. Na kuna jambo ambalo wale wa benchi hawalijui au wamelisahau: STI za Japani zenyewe, yaani zile WRX kali zaidi wanazozitolea udenda, zililinganishwa mabomba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zimekuwa kimya zaidi ya miaka ishirini. Tumekuwa tukiabudu gari moja na kusikiliza sauti ya lingine.

Naipenda sauti ya gari langu. Usiku nikiingia nyumbani mtoto wangu huijua kutoka getini. Ila kupenda sauti si kipimo cha gari, na nimechoka kuona vijana wakipimwa kwa kipimo hicho.

Nilimtafuta yule kijana. Anayeosha magari alikuwa na nambari yake. Nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, naye akanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili: "Hakuna neno, dada. Ungependa kuliendesha?" Jumapili alfajiri tukaondoka, magari mawili, kuelekea Timboroa, na Mau Summit tukabadilishana.

Nakuru yetu iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Timboroa inapita mita 2,700. Hewa ya huko ni nyepesi. Gari lisilo na turbo hupanda likihema. Langu hupanda vizuri, lakini lina desturi yake. Ukikanyaga injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika linakwambia subiri, unahesabu moja, mbili, ndipo linakusukuma mgongoni. Tumezoea, hata tunaona ndiyo raha yenyewe. Nikiwa ndani ya lile jipya nilijikuta nyuma ya lori la saruji, mlima ukiwa mkali na nafasi ya kupita fupi. Nikakanyaga. Hakukuwa na moja wala mbili. Msukumo wake wa niutoni-mita 375 unaanza kwenye mizunguko 2,000, na lori lilikuwa nyuma yangu kabla sijamaliza kupumua nje.

Najua wanaosoma karatasi watanijibu. S4 iliyotangulia, ya lita 2.0, ilikuwa na nguvu farasi 300 na niutoni-mita 400. Hii ina 275 na 375. Kwa hiyo wamerudi nyuma, au sivyo? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini injini ni kubwa zaidi, vali ya turbo sasa inaongozwa kwa umeme, na mguu wako unajibiwa papo hapo. Sijawahi kulipita lori kwa karatasi.

Baada ya hapo kuna kona moja ya kulia yenye bonde dogo katikati ya lami. Naijua kona hiyo. Langu likifika pale huruka nusu hatua kuelekea nje, mlango wa nyuma wa kulia hulia kama kiti cha mbao, nami hushika usukani kwa nguvu zaidi. Lile jipya lilishuka bondeni, likapanda, likaendelea pale nilipolielekeza. Hakuna kilicholia. Subaru wanasema mwili wake unastahimili kujipinda kwa asilimia 28 zaidi ya uliotangulia, na sehemu ya kushikia springi na shoki imeimarishwa kwa asilimia 75. Nguvu nayo hugawanywa asilimia 45 mbele na 55 nyuma, wakati langu hugawa nusu kwa nusu, kwa hiyo ukikanyaga ukitoka kwenye kona unahisi mkia ukikusaidia kugeuka badala ya pua kukaidi. Lami ilikuwa na umande. Niliiendea kona hiyo kwa mwendo ambao ndani ya gari langu nisingethubutu, na moyo haukubadilika mapigo.

Sasa gia. Hapa siwezi kudanganya mtu. Tukirudi, ukungu ukiwa mzito, nilitaka namba mbili ya kulishikia gari kwenye mteremko, na mguu wangu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi ambayo haipo. Kuna vibati viwili nyuma ya usukani, na ndani kuna mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili ukiigiza hatua nane. Unafanya kazi. Unashika mteremko. Lakini mkono wangu ulikuwa umekaa bure pajani, na niliukosa ule mkwaruzo mdogo wa gia ya pili ninaoujua kama sauti ya mtu wa nyumbani. Marekani na Australia walipelekewa gia ya mkono ya hatua sita. Lililotoka kuuzwa Japani, ambako sisi ndiko tunakoagiza, lilikuja bila. Na Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba umbo hili halitapata STI ya petroli. Huo ni msiba wa kweli na anayeulia namlia naye. Hata hivyo, yule kijana hakuyaamua hayo. Alinunua lililokuwepo.

Na lililokuwepo ndilo litakalokuwepo. Sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka minane hairuhusu mengine kama langu kuingia nchini. Yaliyobaki mjini ndiyo hayo, na kila mwaka moja hupinduka, lingine hukatwakatwa likauzwa vipande. Tunajazana Naivasha kila Safari Rally inapokuja tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, tunapanga misururu ya buluu kutoka hapa hadi kule, na Subaru ya kiwanda haijashindana ubingwa wa dunia tangu mwisho wa 2008. Tunachokiendeleza tunakiendeleza wenyewe. Kila kijana tunayemfukuza kwa kicheko ni gari moja limetoka kwenye ule msururu.

Tulipofika Salgaa tukasimama kunywa chai. Kijana alinirudishia funguo zangu, akasema mguu wa kushoto unamuuma. Kisha akaniuliza kama lile bonde kwenye kona ya kulia nililisikia nikiwa ndani ya lake, maana ndani ya langu lilimtisha.

Jumamosi hii tutakuwa Free Area wote wawili, saa nne asubuhi, magari yakiwa yamekaa ubavu kwa ubavu. Amekubali kutoa funguo zake. Anayetaka kuigonga ile plastiki aje, lakini kwanza aingie, aende mpaka Salgaa na kurudi, halafu aje aniambie mbele ya benchi zima alichokiona.