Akishakatwa tumbo, nani atamfuatilia?

Wazazi wa nyumbani wakisikia kwamba huku Marekani hata mtoto wa miaka 13 mwenye unene uliokithiri anaweza kupunguzwa tumbo kwa upasuaji, wanauliza bei. Naona wanaanzia pasipo. Waulize kwanza atakayempima damu kijana huyo mwaka wa tatu ni nani.

Tangu Januari 2023, chama cha madaktari wa watoto cha hapa kinashauri dawa za kupunguza uzito zianze kufikiriwa kuanzia miaka 12, na mwenye unene uliokithiri, miaka 13 kwenda juu, apelekwe kwa timu ya upasuaji. Kupelekwa si kukatwa: kuna mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia, vipimo. Bima nazo hukataa wengine, kwa hiyo huku si peponi.

Upasuaji unaofanywa zaidi huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Wiki mbili za mwanzo vyakula ni vya majimaji, kisha vya kusaga, kisha vilaini. Protini isipungue gramu 60 kwa siku, na hapo ndipo jiko letu linahitaji hesabu: yai ni gramu 6, kikombe cha maziwa 8. Uji wa sukari unateremka vizuri lakini haumfikishi popote. Afadhali mtindi, samaki aliyesagwa na supu yake, maharage yaliyopondwa. Maji ni funda moja moja, na akishakula asubiri nusu saa.

Vidonge ni vya maisha: multivitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa mafungu. Chuma na kalsiamu viachane saa mbili, la sivyo kimoja kinamzuia mwenzake.

Ninachokihofia zaidi ni zahanati. Kijana aliyepasuliwa anatapika siku nne, anatibiwa malaria, anatundikiwa dripu ya glukosi. Mwili wake umeishiwa vitamini B1; sukari ile inamaliza kilichobaki, anaanza kuyumba na kuona viwili viwili. B1 itangulie dripu. Na binti asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Dawa nazo zina mambo yake. Semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, huanza miligramu 0.25 kwa wiki, hupandishwa kila baada ya wiki nne hadi 2.4, ukiharakisha, kichefuchefu kitamshinda. Akiacha, uzito mwingi hurudi. Kalamu za sindano hukaa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, na iliyoganda hutupwa. Sasa hizi tunazowapa wasafiri wazibebe hadi Dar, zikalale kwenye friji umeme umekatika, mimi sioni kama ni msaada.

Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka puto tumboni ili mtu ashibe upesi, na ni jambo jema, ila puto hutolewa, na siku hiyo maswali ni yale yale. Kijana aliyepasuliwa India au Uturuki arudi na karatasi yenye aina ya upasuaji, tarehe na dozi zake, atembee nayo mfukoni. Shangazi watasema amekonda, ana ugonjwa gani. Hilo halina kidonge.