Mwombaji wa kazi anapotiliwa shaka ya uraia

Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili wa mtunza ghala, Dar es Salaam. Kijana wa tatu aliwapita wenzake kwa mbali. Alituchorea hata namna ya kupanga mzigo ili ulioingia kwanza utoke kwanza. Akaulizwa alikosoma. Mishamo, Katavi. Mwenzangu akainamia wasifu wa kijana, akaandika pembeni "Mrundi?" na kupiga mistari miwili.

Shaka hiyo ilikuwa na asili. Mishamo, Katumba na Ulyankulu yalikuwa makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Ila mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia wapatao 162,000 kati yao na watoto wao. Na lafudhi? Kiha cha Kigoma na Kirundi vinakaribiana mno. Ukimhukumu mtu kwa sikio, na Mha wa Kasulu naye kazi ataikosa.

Mwajiri naye tusimbeze. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inamkataza kumwajiri asiye raia bila kibali cha kazi, na kukiuka ni kosa la jinai. Upande wa pili ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila au mahali atokako, na kinamlinda hata anayeomba kazi tu. Akibanwa huku na huku, ofisa rasilimali watu huona rahisi kumruka mwombaji kimya kimya. Nani atajua?

Wapo wanaosema hati ziulizwe mapema, mtu asipoteze nauli ya kutoka Mpanda bure. Nakubali, ilimradi aulizwe kila mmoja, hata mzaliwa wa Magomeni. Tena namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa, peke yake haimalizi maneno, maana NIDA husajili pia wageni wakaazi na wakimbizi.

Sisi tuliwadai wote hati. Kijana akatoa cheti cha uraia kutoka kwenye mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Inaonekana hakuwa ameulizwa mara moja.

Asingekuwa nacho, ingekuwa kazi nyingine. Kibali huombwa na mwajiri kwa Kamishna wa Kazi, na mwajiri huyo lazima aonyeshe kuwa amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa. Kwa nafasi ya mtunza ghala, maelezo hayo yangeandikwaje? Ningemweleza siku ile ile kwamba haiwezekani, badala ya ile "tutakupigia" yetu. Wenye huruma ya kumchukua kama kibarua asiye na mkataba, kwa nusu ya mshahara, ninawajua. Siku akidai fedha yake ndipo wanapolitaja jina la Uhamiaji.