Pamba imepanda tena, ila kwa njia ya chooni kwangu

Najua mshasoma toleo la jirani yangu kwenye grupu la mtaa, lile la kwamba baba mkwe alitolewa chooni kwa mtumbwi. Uongo. Maji yaliishia kwenye vifundo. Ngojeni niseme mwenyewe, japo mikono bado inanuka dawa.

Choo chetu cha kukaa kilikuwa kinacheza. Ukikaa kinakupeleka kushoto, ukiinama kinakurudisha kulia, kama feri ya Ukerewe ziwa likichafuka, na ukiflashi kamchirizi kanatokea pale sinki linapokutana na marumaru. Fundi akataka 40,000. Nikamwambia mama watoto, 40,000 za kukaza nati mbili? (Wanawake mnaijua hiyo sauti, ikitoka andaeni madekio.)

Nikafunga koki, nikalegeza nati, nikang'oa sinki. Raba ya chini imekatika, ndo ilikuwa inavujisha. Sasa kumbe ukishang'oa, tundu la inchi 4 linabaki wazi na harufu ya chemba inapanda bila hodi, maana maji ya kuizuia yanakaa kwenye shingo ya sinki na sinki lenyewe umelilaza koridoni. Nikarudisha mkono nyuma, nikavuta kitambaa cha kwanza kwenye kamba, nikakisokomeza tunduni. Kumbukeni hicho kitambaa, mimi nilikisahau. Nikaweka raba mpya, nikakaza nati kwa adabu lisije likapasuka, nikazungushia simenti nyeupe, na siku nzima tukawa tunaomba choo kwa jirani ili ikauke. Ndo huyohuyo mtangazaji.

Kesho yake baba mkwe kashuka kutoka Nansio na kiroba cha machungwa. Mwenye akili angemkaribisha chai. Mimi nikamkaribisha chooni.

Nikalikumbatia sinki, nikalitikisa. "Baba, ona, jiwe la Bismarck hili!" Mzee akaridhika. Nikaflashi.

Maji yakashuka vizuri, yakasita, yakaanza kurudi. Polepole. Yakapita usawa wake wa kila siku, yakafika ukingoni yakatuna pale kama chai iliyomiminwa na mtoto, hayamwagiki, hayarudi. Mimi na mzee tumeinama tunayatazama, hakuna anayepumua. Jamani hapo nilikuwa bado na heshima yangu. Nikasema, "Linataka presha tu Baba." Ikabidi tusubiri tanki lijae, dakika nzima, linasikika tu shiiii, wawili tumebanana kwenye kachoo ka hatua mbili. "Mkwe, una uhakika?" "Baba, nimelifunga mwenyewe."

Nikaflashi tena.

Ndala za mzee ndo zilitangulia kufika sebuleni.

Mengine mnayajua, fundi karudi, sasa hivi 60,000, kavunja simenti, kaingiza mkono, kavuta, kavuta, ikatoka jezi ya Pamba, timu ya Mwanza. Ile aliyoninunulia mzee mwenyewe 2024, Pamba iliporudi ligi kuu baada ya miaka zaidi ya 20. Mzee kaitazama, hakusema neno, kamenya chungwa. Jirani dirishani akaandika grupuni: "Pamba imepanda tena, safari hii imetokea chooni."

Jezi tumeifua mara nne. Jana mzee kapiga simu toka Nansio, hakuna cha salamu: "Pamba wakicheza Kirumba nakuja. Ile jezi uivae."