Kabla ya kuchora mistari ya maegesho, piteni kwanza mtaani kwetu

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa wetu, hapa Mtwara mjini, hatua chache kutoka Soko Kuu. Ilisema wananchi wote wanakaribishwa kutoa maoni juu ya mpango wa maegesho ya magari, Jumanne saa nne asubuhi. Niliiona Jumatatu jioni, na niliiona kwa sababu tu nilikuwa nimefuata barua ya utambulisho. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Hatukufika watu ishirini. Wengi walikuwa wenye maduka, wakawapo na madereva wawili wa bajaji, wazee ambao hawakosi mkutano, na wanawake wawili, mmoja wao mimi. Ramani ilikuwa tayari ukutani, imechorwa ikakamilika: mistari ya maegesho pande zote mbili za barabara, kutoka kona ya msikiti hadi duka la mwisho. Tukaelezwa. Tukaulizwa kama kuna swali. Yakajibiwa matatu, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukatawanyika kabla ya saa sita. Sasa nasikia saini zile zinaitwa maoni ya wananchi, na jambo hilo limeninyima usingizi.

Tatizo lipo, silikatai. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Ile ya 2022 ikakuta wamepita laki moja na arobaini elfu. Katikati ya sensa hizo mbili gesi ilianza kwenda Dar es Salaam, kiwanda cha saruji kikafunguliwa, bandari ikaongezewa gati, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakazoea njia ya huku. Nyumba za mtaa wetu zilizokuwa za udongo na bati, nyingi zimebomolewa. Mahali pa nyumba moja yenye vyumba sita pamesimama ghorofa mbili, chini maduka, juu wapangaji. Kila ghorofa jipya limekuja na magari yake, na hakuna hata moja lililojengwa na mahali pa kuyaweka. Oktoba msimu wa korosho unapofunguka na pesa za minada zikaanza kuingia, yanaongezeka ya Newala, ya Tandahimba, ya Masasi, yamekuja kununua bati, pikipiki na magodoro. Wiki hizo kupita hapa kwa miguu ni kazi.

Kwa hiyo mpango unatakiwa. Ninalo gari dogo mimi mwenyewe na nalilaza barabarani kama wenzangu. Ninachokataa ni mpango unaodhani kwamba barabara ina kazi moja kutwa nzima.

Itazameni barabara yetu siku moja tu. Alfajiri, kabla mwadhini hajamaliza, Fuso za mizigo zimeshasimama na vijana wanashusha mchele, sukari na mafuta. Saa mbili zinaondoka, na nafasi zile zile zinachukuliwa na magari ya wenye maduka. Hapa nitasema jambo ambalo halikusemwa mkutanoni, maana waliohudhuria wengi wangeumia: magari yanayokaa kutwa mbele ya maduka si ya wateja, ni ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Mteja aliyetoka Naliendele kununua mfuko wa misumari anazunguka mara mbili, hapati, anasimama katikati ya njia na kuwasha taa. Foleni inaanzia hapo. Kisha tunalalamika nafasi hazitoshi.

Alasiri watoto wanarudi shule. Kwa sababu pembeni pamejaa, wanatembea katikati pamoja na bodaboda. Jioni magari yakipungua zinatoka meza: pweza, mishikaki, chapati, na bibi mmoja anayeuza ming'oko, mizizi inayoliwa kama viazi, iliyochemshwa tangu mimi binti mdogo. Meza ya bibi huyo, kwenye ramani ile ya ukutani, imeangukia ndani ya nafasi ya gari. Nilipomweleza alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, nani kasema?" Hakuwa na habari ya mkutano. Saa nne asubuhi yeye huwa shambani anachimba hiyo ming'oko.

Ijumaa mchana barabara ni ya msikiti. Usiku ni ya sisi tunaolala hapa. Na shule zikifungwa, watoto wakitoka jandoni na unyagoni, inafungwa kwa turubai na viti siku mbili, ngoma inapigwa mpaka kuche, na hakuna jirani anayeona kwamba ameibiwa njia. Hivyo ndivyo mtaa unavyoishi. Mistari ya rangi nyeupe haijui lolote kati ya haya, na sioni ingejuaje ikiwa aliyeichora hakuja hata siku moja jioni.

Niliporudi nyumbani siku ile nilichukua tepu ya fundi jirani tukapima. Kutoka mtaro hadi mtaro ni mita saba na nusu. Gari dogo likiegeshwa vizuri, na nafasi ya kufungua mlango, linakula mita mbili. Pande zote mbili ni nne. Zinabaki tatu na nusu. Bajaji mbili zikipishana hapo, mtu wa miguu anaingia mtaroni. Gari la zimamoto litapenya kwa kubanabana, lakini askari wake wafungue milango wapi, wavute mipira wapi? Nyumba zetu zimegusana kuta. Moto ukianza kwenye duka la magodoro hatutakuwa na dakika za kutafuta mwenye gari aje alisogeze. Mstari upande mmoja tu ungetosha kuondoa hofu hiyo, nami niko tayari kukosa nafasi yangu kwa ajili yake. Isitoshe, nafasi moja ya gari inabeba pikipiki sita, na wanaofika sokoni kwa bodaboda na bajaji ni wengi kuliko wanaofika kwa gari. Anayebisha aje asimame nami kona ya msikiti nusu saa.

Watu wananiambia nakuza jambo dogo. Labda. Lakini mji huu umewahi kupangwa na watu wasiouliza, na alama zake tunaishi nazo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa bandari yenye kina hapa Mtwara, ikalazwa reli kwenda bara, na mji ukapimwa kwa barabara pana za kusubiri malori. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Udongo na mvua havikukubali, na wakulima waliovijua hakuna aliyewasikiliza. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Tuna kata inaitwa Reli mpaka leo, na treni hakuna.

Tena Mei 2013, sote tuliokuwa hapa tunakumbuka. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilileta ghadhabu, watu walikufa, nyumba zilichomwa. Sitaki kufananisha maegesho na msiba ule, haifai. Nakumbuka tu kauli iliyokuwa midomoni mwa watu wa kila rika siku zile, kwamba hatukuambiwa, hatukuulizwa. Mtu aliyeshuhudia yale hawezi kuipokea karatasi ya mahudhurio ikaitwa maoni akanyamaza.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Barabara yenyewe inaweza kuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ushuru unaweza kukusanywa na mwingine, na mistari ikachorwa na mkandarasi. Hayo ni mambo ya ofisi. Ila mwenyekiti wa mtaa tulimchagua sisi mwaka 2024, anatujua kwa majina, anajua nani anaamka saa ngapi. Yeye na diwani ndio wa kusema kwamba mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi hauwezi kuwapata mama wa meza, mpangaji anayefanya kazi bandarini, mwalimu, wala kijana wa bodaboda ambaye asubuhi ndiyo riziki yake.

Fanyeni baada ya Isha, hapo hapo barabarani, viti vya shughuli tunavyo. Tangazeni msikitini, kanisani na kwa gari la matangazo, kama tunavyotangaziwa chanjo. Na msituulize tunataka nafasi ngapi za magari. Tuulizeni mzigo ushushwe mwisho saa ngapi. Mwenye duka apaki wapi ili mteja apate nafasi ya nusu saa mbele ya mlango? Bibi wa ming'oko akae wapi? Mtu wa kiti cha magurudumu, ambaye tunaye mtaani, apite wapi? Wenye ghorofa wanaoendelea kujenga waulizwe nao, kabla ya kupewa kibali, magari ya wapangaji wao yatalala wapi. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Huko, tangu 1962, kuna sheria kwamba mtu wa mjini hasajili gari kabla ya kuonyesha kwamba anayo sehemu ya kuliweka nje ya barabara. Tumechukua magari yao bila kuchukua swali lao. Sisemi tulifuate kesho, wengi wetu hatuna ua wa kutosha hata kuanika nguo. Kwa anayejenga ghorofa leo, swali hilo ni la haki kabisa.

Na rangi isubiri. Rangi ikishakauka hakuna anayekubali kwamba alikosea. Tuchore kwanza kwa chokaa, kama tunavyochora uwanja wa mpira: upande mmoja magari, nafasi mbili za pikipiki karibu na kona ya msikiti, kipande cha meza kuanzia saa kumi na moja jioni, na mita chache za kona ziachwe tupu ili dereva amwone mtoto. Tuishi nayo wiki mbili, ziwemo Ijumaa mbili na siku moja ya mnada. Patakapobana tutapaona wote, tutafuta kwa ufagio na kuchora tena.

Jana nilimpelekea mtendaji vipimo vyetu, nimeviandika kwenye karatasi ya daftari, na jina la kila aliyeshika tepu. Amesema atavipeleka mbele. Nimemwambia pia kwamba mifuko ya chokaa nitanunua mimi, na vijana wa timu ya mtaa wameshakubali kuichora Jumapili yoyote atakayoitaja.