Polka ya Chicago, Dansi la Kwetu: Kanda ni Mali ya Nani?

Tangu nihamie Chicago nimeshawishika kwamba Wapolandi waliotutangulia katika mji huu walilimaliza mapema jambo linalotusumbua nyumbani Tanzania mpaka leo, nalo ni kujua nani anamiliki kanda za muziki na nani anaamua upigwe redioni. Ninayemfikiria zaidi ni Eddie Blazonczyk, mwanamuziki wa polka, yaani muziki wa kuchezea dansi uliotoka Ulaya ya Kati, aliyezaliwa hapa mwaka 1941 na kukulia katika familia iliyoendesha ukumbi wa dansi, ambako wapigaji wa polka walikuwa wakiingia na kutoka mbele ya macho yake.

Ujanani alirekodi rock and roll na kampuni ya Mercury kwa jina la Eddie Bell, lakini hakudumu huko. Mwaka 1963 aliunda bendi yake, Versatones, akawa mwimbaji na mpigaji wa gitaa la besi, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni yake ya kurekodi, Bel-Aire, ambayo haikutoa santuri zake peke yake bali ilizitoa pia za bendi nyingine za polka. Alitangaza muziki huo redioni, akaandaa matamasha, na albamu yake ya Another Polka Celebration ikampatia tuzo ya Grammy. Alipofariki mwaka 2012, kazi ya maisha yake haikuwa imefungiwa katika kabati la mtu mwingine.

Redio ya polka nayo ina utaratibu wake unaostahili kuelezwa. Mara nyingi mtangazaji hununua muda katika kituo kidogo, kisha hutafuta wadhamini mwenyewe: muuza soseji, mwenye baa, mwenye nyumba ya kuandalia mazishi. Kati ya wimbo na wimbo husoma pongezi za siku za kuzaliwa, habari za misiba na matangazo ya dansi ya Jumamosi. Aliyelelewa na vipindi vya salamu hahitaji tafsiri, na hata kodiani inayosikika humo si ngeni kwa masikio yaliyozoea taarabu ya Zanzibar.

Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi, mlango ulikuwa mmoja. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Sisemi kwamba ilikuwa dhuluma tupu. Bila watangazaji na mafundi mitambo wale, sehemu kubwa ya muziki wa dansi ingepotea, nami nawashukuru kwa dhati. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na ndiyo maana hata msanii mkubwa kama Mbaraka Mwinshehe alitoa santuri zake kupitia Nairobi. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, wengi wa wapigaji wale walikuwa wameshazeeka au wamefariki, na familia zao hazikuwa na kanda wala mikataba ya kudai chochote.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Chicago yote haiwezi kunipa. Polka hapa imekuwa muziki usioupata mpaka uutafute: mwaka 2009 waandaaji wa Grammy walikiondoa kabisa kipengele cha tuzo ya polka, na ukumbini vichwa vyenye mvi ndivyo vingi. Nyumbani zilipendwa hukufuata ndani ya daladala na harusini, na kijana aliyezaliwa baada ya bendi kuvunjika huimba kiitikio bila kukosea. Hadhira ya namna hiyo hainunuliwi, na naona uchungu kwamba waliotuachia nyimbo hizo hawakufaidika nayo.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba warithi wa wanamuziki wale wapewe nakala za kanda za wazee wao pamoja na haki ya kuzitoa upya, huku redio ikibaki na nakala zake za kutangaza. Nasi tulioko huku, Watanzania, Wakenya na Wakongo tunaozungumza Kiswahili, tuchangie kununua walau saa moja kwa wiki katika kituo kidogo, tuzipige nyimbo hizo kwa majina kamili ya watunzi wake.