Pua ya Jamaa Ilivyohama Mbele ya Mama Mkwe

Haya, najua klipu ya ile potreti niliyomchora jamaa yangu mshaiona. Jamaa kairusha kabla hata sijavua buti, tena kaanzia pale sura inapomwagika, utadhani nilimchora hivyo hivyo. Sasa nisikilizeni na mimi.

Kosa nakubali ni langu: rangi za maji, nje, barabarani, theluji hadi vifundoni. Alitaka potreti ya kumpelekea mama mkwe mtarajiwa, "nifanane kabisa, sio vikatuni vyako". Basi kasimama chini ya taa ya barabarani kakunja uso, mimi nachora huku vidole, kwa baridi, havina habari na mimi. Na ilikuwa inatoka jamani! Theluji sio nyeupe, mnaosema nyeupe hamjawahi kuichora, kivulini ni bluu kabisa, halafu mwanga wake unatokea chini unamulika kidevu mpaka matundu ya pua. Vyote nilivipata. (Wale wa "ungetumia rangi za mafuta" nawaona, tulieni.) Nikagusa shavu kwa kidole, kavu. Nikajipongeza.

Kumbe haijakauka. Imeganda.

Tukaenda moja kwa moja kwa huyo mama mkwe. Akaipokea kwa mikono miwili, "Eeh, ni yeye huyu!", akaisimamisha juu ya hita. Juu ya hita, wenzangu! Na mimi nimeona, nimenyamaza, nakunywa sifa.

Kwanza jicho la kushoto likatoa tone moja. Dogo, linang'aa. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umemchora analia?" Nikajibu, Mungu anisamehe, "Ni hisia hizo, mama." Tone likateremka taratibu, likafika puani, likasimama kidogo kama linauliza njia, halafu likaondoka na pua. Pua yote. Ule wekundu wa baridi nilioupigania saa nzima ukakaa juu ya mdomo, mdomo nao ukahamia kidevuni, bluu ya vivuli ikajaa shingoni jamaa akawa kama kanyongwa. Chumba kimya. Katoto kamoja ndo kakasema, "Anko anayeyuka."

Nikaikwapua nikaitoa nje igande tena, ikaganda kweli, na pua yake kidevuni. Nikafuta zulia, nikaomba radhi, nikatoka bila kuaga.

Picha mama kagoma kuirudisha, na jamaa ndo kaifanya profaili. Leo kanitumia meseji, eti mama naye anataka achorwe. Ndani, kasisitiza. Kwa penseli.