Maili Moja Inataka Kasi Kiasi Gani?

Vijana wengi wa jogingi hapa Bagamoyo, maili yao ikigoma kushuka, husema hawana spidi. Kesho yake wako ufukweni wanakimbia mita mia mia kwa nguvu zote mpaka miguu igome. Mimi nashikilia kwamba maili inataka kasi ya kutosha, na huo utoshelevu unapimika. Ukishaufikia, siku unazoendelea kutafuta kasi zaidi unazikata kwenye pumzi, na maili ni mbio za pumzi: karibu robo tatu ya nguvu inayotumika, au zaidi, hutokana na hewa unayovuta njiani.

Tuanze na wakubwa. Sebastian Coe wa Uingereza alikuwa na kasi ya kutisha: mita 400 kwa 46.87, mita 800 kwa 1:41.73, na maili kwa 3:47.33. Hicham El Guerrouj wa Morocco, muda wake bora wa mita 800 ni 1:47.18, zaidi ya sekunde 5 nyuma ya Coe. Lakini Julai 1999 kule Roma alikimbia maili kwa 3:43.13, na rekodi hiyo bado imesimama. Ni kweli El Guerrouj hakushughulika sana na mita 800, na angejikita huko angeshuka zaidi. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Alikuwa na kasi ya kumtosha, kisha akaweza kuishikilia raundi nne za mita 400, kila moja kwa wastani wa sekunde 55.5.

Na Filbert Bayi wetu wa Tanzania? Februari 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16 huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia mgongoni bila kumpata. Mwaka uliofuata, Kingston, akaweka rekodi ya maili, 3:51.0, wastani wa sekunde 57.4 kwa raundi. Watu husimulia mbio za Bayi kama habari ya ujasiri tu, na ujasiri ulikuwepo. Ila nyuma yake kulikuwa na mita 800 za 1:45.3, yaani raundi mbili za chini kidogo ya sekunde 53. Aliyeweza hivyo, raundi ya 57 haimsumbui anapoanza. Mbinu yake ilikuwa kuwachosha wenye kasi kabla hawajapata nafasi ya kuitumia. Mita 100 za mwisho za maili huchukuliwa na yule ambaye hajaisha, na mara nyingi huyo si mwenye mita 100 bora kuliko wote.

Sasa tuje kwenye namba zako. Maili ni mita 1609, yaani raundi nne za mita 400 na mita 9 na kitu. Kwa dakika 6 unahitaji raundi ya sekunde 89.5, kwa 5:30, sekunde 82, kwa dakika 5, sekunde 74.6, kwa 4:30, sekunde 67, na kwa dakika 4, sekunde 59.7. Kipimo ninachokiamini ni hiki: mita 400 zako bora, ukizikimbia peke yake ukiwa umepumzika vizuri, ziwe chini ya raundi yako ya maili kwa sekunde 10 hadi 13. Anayetaka dakika 5 awe na mita 400 za sekunde 62 hadi 64. Mwenye 70 atateseka hata awe na mapafu ya namna gani, kwa sababu kila raundi anaikimbia ukingoni mwa uwezo wake. Mwenye 57 anayekwama kwenye dakika 5 asitafute tena spidi. Anayo ya kumwaga. Huyo anahitaji kilomita za taratibu na mbio za dakika 20 za kasi ya kubana pumzi kidogo, wiki baada ya wiki.

Kabla ya yote hayo, pima kiwanja. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 kina mzunguko wa mita 346, si 400, na viwanja vingi vya mtaani ni vidogo zaidi. Raundi nne kukizunguka ni mita 1384. Zimepungua mita 225 kufika maili. Kijana anamaliza kwa 4:18, anasifiwa kijiweni, kumbe kwa mwendo huohuo maili kamili ingemchukua dakika 5. Siku akienda kwenye mashindano ya kweli anaondoka na kundi la 4:20, raundi ya tatu amekufa, na lawama zote anazibebesha spidi. Nunua utepe wa mita 50 au kata kamba uipime vizuri, kisha weka alama.

Kipimo cha pili ni kasi ya juu kabisa. Weka alama mbili, mita 30 katikati yake. Anza mita 40 nyuma, jenga mwendo pole pole, ufike alama ya kwanza ukiwa kwenye kasi yako yote. Usipime kwa saa ya mkono. Kidole kikichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde katika mbio za sekunde 4, umekosea kwa asilimia 5, na asilimia 5 hapo ndiyo habari yenyewe. Mwenzako arekodi video kwa simu akiwa amesimama mbali kidogo, katikati ya alama mbili, zote zionekane. Baadaye hesabu picha moja moja. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Picha 123 ni sekunde 4.1, yaani mita 7.3 kwa sekunde. Mwendo wa maili ya dakika 5 ni mita 5.36 kwa sekunde, asilimia 73 ya kasi hiyo, na hapo pako sawa. Mwenye 4.6 angelazimika kutumia asilimia 82. Huyo kweli amepungukiwa kasi. Mwenye 3.6 anatumia asilimia 64 tu, arudi barabarani akajenge pumzi.

Ufukwe wetu ni mali kwa kazi hii, ukijua saa yake. Mchanga mkavu wa juu ni sumu: mguu unazama, unakaa chini muda mrefu, unajizoesha kukimbia kizito, na kano ya kisigino inavutwa kupita kiasi. Subiri maji yapwe, tumia ule mchanga uliobanwa ambao unyayo unaacha alama hafifu tu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa kwetu hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Siku tatu nne kabla ya mwezi kuandama, kupwa huangukia karibu na mapambazuko, na mchanga huwa wa kutosha. Pwani ina mteremko, kwa hiyo nenda na urudi kwa idadi sawa, la sivyo nyonga ya upande mmoja itaanza kulalamika. Msimu wa kusi, kuja mjini kutoka upande wa Kaole, kusini mwa mji, unasukumwa na upepo. Chukua wastani wa kwenda na kurudi. Na ukague njia kwanza kwa kutembea, maana kombe lililovunjika au kipande cha chupa kinakula wiki tatu.

Aliyepungukiwa kasi afanye mita 60 mara sita, siku mbili kwa wiki, akipumzika dakika 3 kamili kila baada ya moja. Dakika tatu, akitembea. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapumzika nusu dakika, wanahema, wanaona wamefanya kazi kubwa, lakini kuanzia ya tatu hawakimbii tena kwa kasi yao. Wanafundisha mwili kukimbia umechoka, kitu kingine kabisa. Ukiona muda umeongezeka au mabega yamepanda masikioni, acha. Ya siku hiyo yamekwisha. Zifanye jioni, joto la pwani linalegeza misuli, lakini pasha mwili kwa dakika 15 kwanza. Bagamoyo haina vilima vya maana, ila mwinuko wowote mfupi wenye udongo mgumu unatosha: sekunde 8 kupanda, kurudi kwa kutembea, mara sita. Mlima unajenga nguvu bila kuhatarisha misuli ya nyuma ya paja kama tambarare inavyofanya.

Kisha kasi hiyo lazima iunganishwe na maili yenyewe, na siku hii ni ya alfajiri kwa sababu joto la hewa yetu linaua mbio ndefu kuliko fupi. Kimbia mita 200 mara kumi kwa mwendo wa maili, ukijogi mita 200 katikati. Kwa dakika 5 ni sekunde 37.3, na anayezikimbia kwa 33 kwa sababu anajisikia vizuri ameharibu zoezi.

Pima tena mita 30 na mita 400 baada ya wiki sita. Kama mita 400 zimeshuka na maili imebaki palepale, punguza mita 60 ziwe siku moja kwa wiki, za kulinda ulichopata, na siku iliyobaki ipe kilomita 12 za taratibu kwenye barabara ya Msata kabla magari hayajawa mengi.